Moto ukizuka mchana, ufunguo wa banda la mbwa uko wapi?

Mama mmoja wa Kiamunyi, Nakuru, anauliza:

"Daktari, nina mbwa wawili: jike wa kienyeji wa miaka sita, na dume chotara wa German Shepherd mwenye kilo 30 hivi. Mchana ninawafungia bandani, usiku ninawaachilia walinde boma. Mwezi uliopita nyumba moja mtaani kwetu iliungua. Watu walitoka wote, lakini mbwa aliyekuwa amefungwa mnyororo nyuma ya jikoni alikufa. Tangu siku hiyo sina amani. Niwafundishe nini mbwa wangu ili moto ukitokea waokoke? Na mamangu anaishi Ahero, ana mbwa mmoja mzee, na mvua ndefu zikija maji huingia hadi uani. Yeye afanye nini?"

Pole, mama, na pole kwa jirani yako. Mafunzo nitayafikia, lakini kwanza jiulize jambo moja: leo saa sita mchana, wewe ukiwa kazini mjini, ufunguo wa kufuli la banda uko wapi? Katika nyumba nyingi uko ndani ya mkoba wa mwenye nyumba, pamoja na funguo za geti na za grili. Mbwa aliyefungiwa hivyo, hata umfundishe vipi, hana pa kupitia. Kukimbia moto anajua mwenyewe. Kinachomuua ni kufuli, ni mnyororo, na ni kukosa mtu wa pili anayeweza kumshika. Kwa hiyo anza na banda.

Ondoa kufuli la ufunguo, weka komeo la chuma lenye pini iliyofungwa kwa kijimnyororo ili isipotee. Mbwa hawezi kulifungua, lakini mtu yeyote aliyeko nje anaweza, hata gizani. Kama unaogopa wezi wa mbwa, nunua kufuli la namba, na hiyo namba waijue watu wawili wa karibu. Kisha tazama mlango unafungukia wapi. Mabanda mengi yana mlango unaosukumwa kwenda ndani kwa sababu fundi aliona ni rahisi. Mbwa aliyelewa moshi huanguka palepale mlangoni, kwani ndipo alipokuwa akikwaruza atoke, na kilo 30 zikilala nyuma ya mlango wa namna hiyo haufunguki. Mwambie fundi ageuze bawaba, mlango ufungukie nje. Ni kazi ya saa moja.

Banda lenyewe limekaa wapi? Mara nyingi linaegemezwa kwenye ukuta wa jikoni ili kuokoa mbao, na jikoni ndiko kwenye mtungi wa gesi, gunia la makaa na kuni. Lisogeze angalau mita tatu kutoka hapo. Paa liwe la mabati. Turubai la nailoni likishika moto huyeyuka na kumdondokea mbwa mgongoni, na matone hayo hunata kwenye ngozi yakiendelea kuunguza. Kwenye malazi, toa vipande vya godoro la sponji. Sponji ikiungua hutoa moshi mweusi wenye sumu ya sianidi pamoja na kaboni monoksidi, na mbwa amelala juu yake, pua ikiwa papo hapo. Blanketi nzee la sufu ni bora zaidi, kwa sababu sufu haishiki moto upesi.

Ukija kupata watoto wa mbwa, jihadhari na balbu ya joto. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi ya usiku inauma. Watu huning'iniza balbu kwa waya wake wa umeme juu ya maranda makavu. Mama mbwa akiruka anaigonga, waya unachomoka, balbu inaangukia maranda, na hapo moto umeshaanza. Balbu ishikwe na mnyororo mwembamba wa chuma uliofungwa darini, waya wa umeme usibebe uzito wowote, na kati ya balbu na malazi pawe na sentimita 60 au zaidi. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo ni salama kuliko hiyo balbu.

Sasa mnyororo, maana ndio uliomuua mbwa wa jirani. Ushauri wangu wa kwanza ni kuuacha kabisa. Lakini najua kuna maboma yasiyo na ua, na watu wataendelea kufunga mbwa, basi wafunge kwa namna inayofunguka. Chukua ile kulabu ya springi inayoingia kwenye kola. Ukiwa umetulia unaifungua kwa kidole gumba. Ila mbwa mwenye hofu huvuta mnyororo kwa nguvu zake zote, unakazika, na kulabu ya namna hiyo haitoki mpaka mnyororo ulegee kidogo. Jaribu leo: mtu mzima auvute mnyororo kwa uzito wake, nawe ujaribu kufungua upande wa pili. Utashangaa. Zipo kulabu za wafuga farasi ambazo hufunguka hata zikivutwa, unatelezesha pete tu. Usipoipata, fungia ule mwisho wa nguzoni kwa kipande kifupi cha kamba chenye fundo la kuvuta, lile ambalo ncha moja ikivutwa linafumuka lote. Ncha hiyo iwe upande wa nguzo, mbali na meno. Na usikubali kamwe mnyororo uliokazwa kwa waya kwenye kola. Waya huo unahitaji koleo, na kwenye moshi hakuna anayekwenda kutafuta koleo.

La pili ni jirani. Gari la zimamoto lina barabara ya kupita kabla halijafika, na anayefika kwanza ni mtu wa ploti ya pili. Naye anafika getini anakuta kibao cha "Mbwa Kali". Anasimama, na ana haki ya kusimama. Kibao kiache kama kinakusaidia dhidi ya wezi, lakini pawe na watu wawili ambao mbwa wako wanawajua kwa harufu na kwa mkono, na mmoja wao awe mtu anayeshinda nyumbani mchana: mwenye kioski, fundi cherehani, mlinzi wa ploti.

Hili huchukua wiki mbili hivi. Siku tatu za kwanza jirani anakuja nawe, anatupa kipande cha nyama ndani ya banda, anaondoka bila kuwakodolea macho. Siku zinazofuata anawalisha kwa mkono wake wewe ukiwa kando. Wiki ya pili anafungua komeo yeye, anamvisha mbwa kamba, anamtembeza hadi getini na kumrudisha. Mwisho anafanya hayo yote wewe ukiwa hupo. Mkishafika hapo, rudieni mara moja kwa mwezi, maana mbwa husahau. Kamba mbili zitundikwe nje ya banda, kwenye msumari, zisiwekwe ndani ya nyumba. Mkubaliane pia mbwa watapelekwa wapi, tuseme kwenye nguzo fulani ng'ambo ya barabara, na kila mmoja afungwe mbali na mwenzake. Mbwa waliolala pamoja miaka sita wanaweza kung'atana vibaya wakiwa na hofu.

Hapo ndipo mafunzo yanapata maana, nayo ni machache.

Wafundishe kuja kwa firimbi. Jina la mbwa si la kutegemewa, kwa sababu sauti yako ikiwa na hofu inabadilika, na mbwa akiisikia hivyo anaweza kujificha. Firimbi haibadiliki, na jirani anaweza kuipuliza vilevile. Piga mara tatu fupi, kisha papo hapo mpe kitu asichokipata siku nyingine, kama ini la kuchemsha lililokatwa vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Mara tano asubuhi, mara tano jioni, kwa siku kumi. Anza mkiwa hatua mbili, kisha toka uani, kisha mbwa akiwa amelala. Usiipulize kamwe kwa kumwita umfungie au umwoshe, kwani ukimhadaa mara mbili umeiharibu.

Wazoeshe kufungwa mdomo. Mbwa aliyeungua humng'ata hata anayempenda. Chukua kitambaa cha pamba chenye urefu wa mita moja na nusu, hata kipande cha leso kuukuu. Tengeneza kitanzi, kipitishe juu ya pua katikati ya macho na ncha ya pua, kaza kiasi, vusha ncha mbili chini ya kidevu uzipishanishe, kisha zifunge nyuma ya masikio kwa fundo la kuvuta. Fanya hivyo kila wiki kwa sekunde chache, na umpe ini baadaye. Lakini usimfunge mbwa anayetapika, anayehema kwa shida, au aliyepoteza fahamu. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema mdomo wazi, na ukimfunga kwa muda mrefu unamwua wewe.

Ukiweka king'ora cha moshi, nacho ni kitu kizuri kukiweka kwenye dari ya ukumbi karibu na vyumba vya kulala, mzoeshe mbwa anayeingia ndani. Sauti yake ni kama desibeli 85 ukiwa umbali wa mita tatu, na mbwa asiyeijua hukimbilia chini ya kitanda, mahali pabaya kuliko pote. Rekodi sauti hiyo kwa simu, ichezeshe kwa chini sana wakati anakula, ongeza kidogo kila siku mbili, na kila ikilia mtoke naye mlangoni. Kijaribu king'ora kila mwezi.

Kuna hatari mbili za ndani zinazomfikia mbwa kabla yako. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hujikusanya sakafuni, na sakafuni ndiko pua yake iliko. Ukisikia harufu, usiguse swichi, usiwashe hata taa ya simu ukiwa mle ndani. Funga mtungi, fungua milango, toka naye. Na jiko la makaa likiingizwa kwenye chumba kilichofungwa kwa ajili ya baridi, kaboni monoksidi yake haina harufu wala haionekani. Mbwa mdogo akianza kuyumba au kutapika bila sababu chumbani mwenye jiko, toeni wote nje kwanza, maswali baadaye.

Siku yenyewe ikifika, watu wanatoka kwanza. Kama mbwa yuko njiani mwako, mshike kola mtoke naye. Kama hayuko, fungua mlango wa nje, uache wazi, toka, puliza firimbi ukiwa nje. Milango ya vyumba ambavyo hakuna mtu ifunge ukipita, kwani mlango uliofungwa huchelewesha moto na moshi. Chumba chenye makochi ya sponji kinaweza kujaa moshi wa kuua ndani ya dakika tatu hadi tano, kwa hiyo usirudi ndani. Waambie zimamoto "mbwa yuko chumba fulani"; hilo ndilo litakalomsaidia. Namba za dharura ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199, bila malipo. Namba ya zimamoto ya kaunti yako iandike kwa kalamu ya wino usiofutika nyuma ya mlango.

Mbwa mzito aliyeanguka usijaribu kumbeba mabegani. Mviringishe juu ya shuka au blanketi na umburute kwa kuvuta pembe mbili za upande wa kichwa, wewe ukiwa umeinama, maana hewa iliyo afadhali iko chini.

Akishatoka, watu hutazama manyoya yaliyoungua na kusahau mapafu. Moshi huua zaidi ya moto. Kaboni monoksidi hushikamana na himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo damu inazunguka bila kubeba hewa. Inua mdomo wake utazame ufizi. Wa kawaida ni waridi. Mweupe au wa bluu ni dharura. Lakini mwekundu sana kama cheri usikufurahishe, kwani unaweza kuwa ndio alama ya sumu hiyo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo mwenye oksijeni, na tafuta sasa, kabla ya shida, ni nani Nakuru anayo na anapokea simu usiku. Akiwa amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, atakuonyesha namba yake bila kusita.

Na hata akionekana mzima jioni ile, mlinde saa 72. Mapafu huvimba taratibu na kujaa maji, na nimonia hufuata. Hesabu pumzi akiwa amelala: tazama ubavu ukipanda na kushuka kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Chini ya 30 ni kawaida. Zikipita 40 akiwa ametulia, au akianza kukohoa, kuyumba au kushangaa ovyo, usingoje asubuhi.

Majeraha ya moto yatie maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, sehemu iliyoungua tu, mwili mwingine umefunikwa asipate baridi. Usitie barafu, maana huzidi kuumiza ngozi, wala siagi, unga, mayai au dawa ya meno, kwa sababu hivyo huzuia joto kutoka na baadaye daktari lazima avikwangue. Kola ya nailoni itoe mapema kabla shingo haijavimba, ila kama imeyeyukia kwenye ngozi iache. Funika kwa kitambaa safi chenye unyevu. Macho yaoshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Dawa za watu zenye kutuliza maumivu, yaani paracetamol, ibuprofen, diclofenac, usimpe. Zinaweza kumharibu ini, tumbo au figo, na huenda zikamwua mbwa aliyekuwa akipona.

Akiwa hapumui wala moyo haupigi, mlaze ubavu, bonyeza kifua mahali kilipo kipana zaidi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kishuke theluthi moja hadi nusu ya upana wake kisha kirudi kabisa. Baada ya kila mara 30, fumba mdomo wake upulize puani mara mbili.

Aliyeng'atwa akiokoa mbwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo. Ndiyo maana kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa inafaa iwe na picha kwenye simu yako na nakala kwa jirani: inamsaidia daktari kuamua.

Kwa mamako Ahero, adui ana tabia nyingine, maana maji ya Mto Nyando hutoa onyo. Mvua kubwa ikinyesha juu Nandi, Ahero inaweza kuwa kavu na mto ukajaa baada ya saa kadhaa. Kwa hiyo asikilize habari za huko juu, asitazame mawingu ya kwake tu. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, mbwa asifungwe usiku kabisa. Mbwa huru huogelea au hupanda mahali pa juu, aliyefungwa huzama akiwa amesimama. Nanyi wa Nakuru msijione mko mbali na hili: bwawa lilipasuka Solai Mei 2018, na maji yakapita Mai Mahiu Aprili 2024, yote mawili gizani.

Ajengewe jukwaa la mbao lenye paa, lililo juu ya alama ya maji iliyobaki ukutani mwaka jana kwa nusu mita au zaidi. Kwa kuwa ni mzee, na nyonga huenda zinamuuma, ngazi haimfai. Wekeni ubao mpana ulioinama, wenye vipande vya mbao vilivyopigiliwa kila sentimita 20 ili asiteleze, na mpandishe kila siku kwa kumpa omena juu yake hadi apande mwenyewe.

Ndoo yenye kifuniko ikae tayari. Mbwa huhitaji maji mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo kwa siku, kwa hiyo wawili wako kwa siku tatu wanahitaji mtungi wa lita 10. Wa mamako, kama ni kilo 20, lita nne zatosha. Ongeza chakula kikavu, kwa kuwa ugali wa jana huchacha, kamba, leso ya mdomo, na picha yako umesimama kando ya mbwa, ithibitishe ni wako. Kwenye kola, fundi wa kukata funguo atachonga namba yako ya simu kwenye kibati kidogo. Maji ya mafuriko yana mikojo ya panya na viini vya leptospirosisi, ugonjwa unaoharibu ini na figo, basi asiyanywe, aoshwe akitoka, na muulize daktari wenu kuhusu chanjo yake.

Baada ya moto au mafuriko, mbwa hurudi alikozoea kulala. Anaingia kwenye majivu yaliyo baridi juu na makaa chini, au kwenye matope yenye misumari ya mabati, anakanyaga, anarudi akichechemea. Mweke kwenye kamba fupi kwa wiki nzima, mahali papya palipo na blanketi lake la zamani hata kama linanuka moshi, na kila jioni mwinulie nyayo moja moja, tenganisha vidole, utazame katikati yake.